Natumia dawa za kushusha kinga: nilivyojipanga kupima mlango wa kizazi

Nina ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, ule wa kuharisha damu, unaotulia na kurudi. Ukiwaambia watu wanakushauri uache pilipili na maharage, wakidhani ni vidonda vya tumbo vya kawaida. Huu ni mwingine. Kinga ya mwili inashambulia utumbo wenyewe, kwa hiyo natumia azathioprini, dawa ya kushusha kinga, na ugonjwa ukipamba moto naongezewa prednisoloni.

Nilipoanzishiwa dawa nilielezwa habari za ini na vipimo vya damu. Mlango wa kizazi haukutajwa kabisa, na hilo linaniuma mpaka leo kwa ajili ya wenzangu. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi zinatokana na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Wanawake wengi wanakipata, na kwa kawaida mwili unakimaliza wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Kinachokimaliza ni kinga, ile ile ninayoishusha kila siku kwa kidonge. Kirusi kikig'ang'ania, kwa mwenye kinga nzima saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza. Kinga ikiwa dhaifu inaweza kuwa 5 hadi 10. Madaktari wa mfumo wa chakula wa Marekani, kwenye mwongozo wao wa 2017, walishauri mwanamke mwenye ugonjwa huu wa utumbo anayetumia dawa hizi apimwe mlango wa kizazi kila mwaka.

Nilisubiri tumbo litulie kwanza. Kutoka Uyole hadi Mbeya mjini kwa daladala, kisha foleni ya benchi, huku unaharisha, ni mateso. Nikabeba daftari la kliniki na boksi la dawa lenyewe.

Sista aliniuliza hali yangu ya VVU. Nikamwambia sina. "Basi mama, ukiwa salama utarudi baada ya miaka mitatu."

Nikatoa lile boksi. "Sista, dawa hii inashusha kinga. VVU sina, lakini kinga yangu siyo ya kutegemea. Naomba niwe narudi kila mwaka."

Alisoma boksi, akaenda kumuuliza daktari, akarudi na kalamu nyekundu. Juu ya daftari langu akaandika: DAWA ZA KUSHUSHA KINGA, KILA MWAKA. Nilimshukuru sana, maana angeweza kunijibu kwamba utaratibu ndio huo.

Kipimo chenyewe ni kifupi. Wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi, wanasubiri kama dakika moja, wanaangalia kwa taa. Sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Kwangu palionekana weupe upande mmoja. Nilitetemeka, lakini sista alinituliza: haya ni mabadiliko ya awali, hii siyo saratani, na tunayatibu leo leo. Wakapachoma kwa kifaa cha joto. Tumbo la chini lilinikaza kama siku za hedhi, likaachia. Yakafuata majimaji kwa wiki kadhaa, na baba watoto akaelewa kwamba tendo la ndoa lisubiri mpaka papone.

Azathioprini sikuiacha. Nasisitiza hili kwa sababu dada mmoja wa Mafinga, mwenye ugonjwa kama wangu, alitaka kutupa dawa zake aliposikia habari yangu. Utumbo ukilipuka unaweza kukuua mapema kuliko kirusi hicho. Dawa unaendelea nayo, kipimo unakifuata. Ukitaka kubadili chochote, zungumza na daktari wako.

Na kama mwenye ugonjwa huu ni binti yako, kuna jambo la chanjo. Tanzania inawachanja HPV wasichana wa miaka 9 hadi 14, sasa kwa dozi moja. Shirika la Afya Duniani linasema mwenye kinga dhaifu apate angalau dozi mbili, na ikiwezekana tatu. Wanaochanja shuleni hawawezi kujua anatumia dawa gani, hivyo mpeleke mwenyewe kituo cha afya na uwaonyeshe boksi.