Nyepesi, lakini...

Leo nimeshinda na kompyuta mpakato mpya ya kazini, ile nyembamba ya kilo 1 na ushee.

Begani huisikii kabisa! Betri imenivusha mikutano yote bila chaja.

Jioni nikafungua jedwali kubwa huku nikiwa kwenye simu ya video. Feni ikaanza kuvuma, chuma cha juu ya kibodi kikapata moto hadi nikaondoa vidole, kisha kila kitu kikaanza kwenda polepole. Mwili mwembamba vile, joto lipitie wapi?

Linaloniuma zaidi ni RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hutumia ikiwa kazini. Imechomelewa kwenye ubao mama, yaani bodi kuu ya ndani, huwezi kuongeza. GB 8 ulizonunua ndizo utakazozeeka nazo.

Hata hivyo siirudishi. Mgongo umepumzika kweli.

Wenzangu mnaotembea na kazi, mngechagua wepesi au nguvu?