Ripoti ya udongo haikuhesabu changarawe

Ofisi yetu ilipohamia Dodoma nami nikafanya walichofanya wenzangu wengi: nikanunua shamba kwanza, maswali baadaye. Eka sita upande wa Chamwino, begani mwa kilima cha mawe ya graniti, nyasi tupu na migunga michache iliyotawanyika. Aliyeniuzia alinisifia kwamba hapo maji hayatuami hata usiku mmoja. Hakunidanganya. Mimi ndiye sikujua kwamba ile ilikuwa sifa na onyo kwa pamoja.

Nilitaka kuotesha malisho, nikate, nifunge marobota, niwauzie wafugaji wa ng'ombe wa maziwa pembezoni mwa mji. Nikafanya kama tunavyoelekezwa siku zote. Nikapita shamba kwa mwendo wa kwenda mshazari, nikachukua udongo wa kina cha sentimita 20 sehemu kumi na tano, nikauchanganya kwenye ndoo, nikapeleka nusu kilo maabara. Majibu yakaja mazuri kuliko nilivyotarajia: pH 6.3, potasiamu ya kutosha, aina ya udongo tifutifu kichanga. Nitrojeni na fosforasi chini, kaboni asilimia 0.7, jambo la kawaida huku. Ushauri ukaandikwa kwa kila hekta: samadi kiasi hiki, urea kiasi hiki.

Januari nikamwaga urea yote kwa mkupuo. Siku tatu baadaye ikanyesha mvua ya kuangusha miti. Halafu Februari likaingia lile jua ambalo kila aliyekaa Dodoma analijua, la kukatiza katikati ya msimu. Siku ya saba nyasi zangu zilikuwa zimekunja majani. Siku ya kumi na mbili zilikuwa rangi ya mkeka. Mzee jirani, ambaye uwele wake mita mia mbili chini yangu ulikuwa bado unasimama, alipita na mbuzi wake. Nikamwamkia shikamoo, tukaulizana habari za nyumbani, akazitazama nyasi akasema, "Mwanangu, huku juu ni mgongo. Mgongo hauna nyama."

Nilicheka. Ilinichukua miezi kadhaa kuona kwamba alikuwa amenipa ainisho la udongo.

Kosa la pili lilikuwa langu kabisa. Eka moja ya juu ilikuwa imetapakaa changarawe nyeupe hata huoni ardhi. Nikawalipa vijana waiokote, nikamuuzia fundi mmoja wa ujenzi lori moja, nikajiona mjanja.

Aliyenifungua macho ni rafiki aliyesomea udongo pale Sokoine, Morogoro. Nilimtumia picha ya ripoti na picha ya nyasi zilizokauka. Akauliza swali moja tu: "Zile kokoto ulizipeleka maabara?" Nikamjibu kwamba nilizitoa, nani anapeleka mawe kupimwa. Akanieleza kwamba hata ningezipeleka wangezitoa wao. Maabara huukausha udongo, huuponda, kisha huuchekecha kwenye chekeche lenye matundu ya milimita 2. Kinachopita ndicho kinachopimwa, na kinachobaki juu, yaani changarawe, hakimo kwenye zile namba. Ripoti yangu ilikuwa ya kweli, ila ilisema juu ya sehemu ya udongo, mimi nikaisoma kama ya shamba zima. "Chimba shimo," akasema.

Nikachimba. Upana mita moja kwa moja na nusu, kina mita moja, siku mbili za sururu na vijana wawili. Mtaa mzima uliamini natafuta fedha walizozika Wajerumani. Kuna aliyekuja usiku na tochi kuhakikisha.

Ukuta wa shimo ukisafishwa kwa ncha ya kisu unasomeka. Sentimita 15 za juu ni kahawia iliyoiva, laini, changarawe chache, mizizi mingi kama nywele. Kutoka 15 hadi 40 wekundu unaongezeka na mawe yanaongezeka. Kuanzia 40 kwenda chini ni changarawe ya kwatsi, yale madini meupe magumu ya kwenye graniti, iliyobanana, vipande vyenye kingo kali ukubwa wa punje ya hindi hadi yai la kuku, na katikati yake udongo mwekundu kama tofali lililochomwa vizuri. Chini kabisa graniti iliyooza, unaivunja kwa vidole. Sikuona popote madoa ya kijivu wala ya kutu, ambayo hujitokeza pale maji yanapokaa muda mrefu. Wekundu wa kufanana kote ndio ushahidi kwamba maji hupita, na hewa pia.

Mahali zilikotoka changarawe hizo hapahitaji muujiza. Graniti ya Dodoma ni ya zamani sana, zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Inapooza, madini mengine hugeuka mfinyanzi, lakini kwatsi haiozi kirahisi hivyo. Inavunjika tu na kubaki. Mvua inasomba laini kuelekea bondeni, nzito inabaki mgongoni. Mchwa nao wana mchango: hupandisha chembe ndogo juu kujengea vichuguu, mawe wasiyoweza kuyabeba yakazama taratibu. Ndiyo maana sentimita 15 za juu zilinilaghai.

Kupima wingi wa changarawe nilifanya bila kifaa cha maana. Nilichimba kijishimo kwenye kila tabaka, nikahifadhi kila punje iliyotoka. Nikatandika nailoni nyepesi ndani ya kijishimo, nikajaza maji kwa kikombe cha vipimo: tabaka la kati lilichukua lita 8. Udongo uliotoka nikaukausha, nikauponda kwa mkono, nikauchekecha kwa wavu wa mbu wa dirishani, ambao matundu yake hayako mbali sana na yale ya maabara. Changarawe zilizobaki nikaziosha, nikazitumbukiza kwenye ndoo iliyojaa maji hadi ukingoni. Maji yaliyomwagika nje: lita 3.6. Kwa hiyo asilimia 45 ya tabaka lile ni jiwe. (Ukipima kwa mizani utapata zaidi, karibu asilimia 60, kwa sababu kwatsi ni nzito kuliko udongo. Ujazo ndio wa kuangalia, maana mizizi huishi kwenye nafasi, haiishi kwenye kilo.) Juu nilipata asilimia 12, chini 55. Wastani wa mita nzima ukawa 46.

Namba hiyo ya 46 ndiyo iliyompa udongo wangu jina. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, ambao una makundi makuu 32, udongo huitwa skeletiki, yaani wenye mifupa, pale changarawe na mawe yanapofika wastani wa asilimia 40 ya ujazo ndani ya mita ya kwanza. Wamarekani wana mfumo wao wa makundi 12 na mstari wao wameuweka kwenye 35. Mzee aliita mgongo, wao wanaita mifupa. Mwili ni uleule.

Kundi lenyewe lilihitaji sampuli nyingine, safari hii tabaka kwa tabaka. Mfinyanzi ulikuwa asilimia 14 juu na 28 chini, ishara kwamba umeshuka na kujikusanya. Mfinyanzi wenyewe ni wa aina isiyoshika virutubisho kwa nguvu, lakini kile kidogo unachoshika ni zaidi ya nusu kalisi, magnesi na wenzake, kwa kuwa mvua yetu ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka haitoshi kuviosha vyote. Udongo wa namna hiyo ni Likisoli. Ungekuwa na asidi zaidi ungeitwa Akrisoli. Mwamba ungekuwa ndani ya sentimita 25 ungekuwa Leptosoli, na nadhani kule kileleni ndivyo ulivyo. Rafiki yangu aliongeza "kromiki" kwa ajili ya wekundu. Jina refu, lakini kila neno lina kazi.

Nikashuka hadi kwa mzee, halafu hadi bondeni, nikichimba vijishimo vya goti. Kwake changarawe ziko chini sana na udongo mwekundu ni mrefu. Bondeni ni mbuga, mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi, na huko watu wanapanda mtama, uwele wakiuacha juu kwenye kichanga. Mpangilio huu wa udongo kwenye mteremko mmoja, kama pingu za mnyororo, ulipewa jina la katena miaka ya 1930 na Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Tanga. Ni dhana inayofundishwa dunia nzima, na ilizaliwa kwenye miteremko ya Afrika Mashariki. Shuleni sikuambiwa.

Sasa hesabu ya maji. Tifutifu kichanga kama wangu hushika takribani milimita 12 za maji yanayonyonyeka kwa kila sentimita 10 za udongo halisi. Nyasi zangu za asili zilikuwa na mizizi hadi sentimita 40. Ukitoa mawe, sentimita 40 zinabaki 27, sawa na milimita 32. Jua la Februari linakunywa kama milimita 5 kwa siku. Siku sita. Nyasi zilikunja majani siku ya saba.

Nilikaa na karatasi ile muda mrefu.

Mawe sikuweza kuyatoa, ila mizizi ningeweza kuipeleka chini zaidi. Kwenye ukuta wa shimo niliona vijia vya mizizi ya zamani vikipenya kati ya changarawe hadi sentimita 80, kufuata ule wekundu. Mmea wa kufika huko ungepata sentimita 45 za udongo halisi, milimita 54, karibu siku kumi na moja. Nikaenda Kongwa kutafuta mbegu ya Cenchrus ciliaris, nyasi ya kudumu ambayo kituo cha utafiti wa mifugo pale wameifanyia kazi miaka mingi. Kongwa hiyohiyo ambako Waingereza walileta matrekta mwaka 1947 kulima karanga na kufika 1951 wameacha, pauni milioni 36 zikiwa zimeyeyuka. Ardhi iligeuka saruji kiangazi na kula majembe ya plau. Nilipita pale kwa heshima.

Mbolea nayo nikaibadili. Kiwango cha ripoti nilikipunguza karibu nusu, kwa kuwa udongo wa kulishwa ni nusu, na urea naitoa kidogo kidogo mara tatu badala ya kuikabidhi mvua moja. Samadi inakaa juu. Mashimo ya Chololo, yale madogo ya kupandia yanayokusanya maji ya mvua, yaliyobuniwa na mkulima wa hapahapa Dodoma, nilijaribu safu mbili. Sururu ilikataa sentimita 20, nikayahamishia eka ya chini.

Ile eka niliyookota changarawe ndiyo inayoniuma. Nilikata kopo la rangi pande zote mbili, nikaligongea ardhini, nikamwaga maji na kushika saa. Penye nyasi na changarawe maji yalizama sentimita 9 kwa saa. Pale nilipopasafisha, sentimita 1. Matone ya mvua yalikuwa yamepiga ardhi tupu hadi ikafunga utando kama ugali uliolala, maji yanakimbia juu ya udongo unaosifika kwa kupitisha maji. Nililipa watu kuondoa paa. Nimeanza kurudisha kokoto kwa toroli, na fundi aliponisikia nauliza bei ya kununua lori alilonunua kwangu, hakuificha furaha yake.

Msimu uliopita jua la Februari lilikaa siku kumi. Cenchrus ilichoka, haikukauka. Eka nne zimekatwa, moja imepumzishwa, moja ni ile ya toroli.

Shimo nimelizungushia miiba baada ya mbuzi wa mzee kutumbukia, na ninadaiwa soda kwa hilo. Anataka nichimbe jingine kwake kabla ya mvua, aone mgongo unaishia wapi. Vijana wameshauliza kama huko chini ndiko Mjerumani alikoziweka.