Nilivyokatazwa papai, na jinsi nilivyolila

Mimba yangu haijafika hata miezi mitatu, tayari nimeshakatazwa papai, nanasi, zabibu, na embe eti "lina joto". Mkali kuliko wote alikuwa wifi yangu. Akinikuta na kipande cha nanasi ananipokonya kama mtoto aliyeshika wembe. Nikaona isiwe tabu, nikaacha matunda yote. Nilijiona mwerevu kweli.

Wiki mbili tu, choo kikagoma. Sitaeleza sana, ila nilikuwa nakaa humo ndani mpaka miguu inakufa ganzi. Nikajitibu mwenyewe kwa juisi za boksi, glasi tatu nne kwa siku, maana si matunda yale yale? Kumbe nyuzinyuzi zote zimebaki kwenye machicha, mimi nakunywa sukari. Wiki ya 26 nikanyweshwa ile glukosi ya kupimia kisukari cha mimba, majibu yakawa yamebakiza kidogo kuvuka mpaka. Mkunga akaniuliza, "Mama, nani kakwambia uache matunda?" Nikamtaja wifi bila haya.

Akanipangia vizuri. Papai lenye neno ni bichi: utomvu wake una kimeng'enya kiitwacho papaini, na kwenye majaribio ya panya utomvu huo ulibana mfuko wa uzazi. Likiiva barabara, utomvu umekwisha pungua, kula. Nanasi nalo, ile bromelaini, kimeng'enya chake kinachotishia watu, imejaa zaidi kwenye shina, si kwenye kipande cha sahani. Utapata kiungulia tu. (Nilikipata.) Alichokazania yeye ni tikiti lililokatwa likashinda mezani bila kufunikwa, na matunda yasiyooshwa, kwa sababu ya vijidudu. Na kama una dawa unazomeza, uliza kwanza kabla ya kula balungi.

Sasa papai limeiva au halijaiva, utajuaje? Hapa ndipo ninaporinga. Nakwaruza ganda kwa ncha ya kisu, karibu na kikonyo. Yakichuruzika maziwa meupe yanayonata, naliweka kando. Rangi peke yake usiiamini, kuna papai la njano upande mmoja na jiwe upande wa pili.

Siku ya kwanza kumwonyesha wifi, maziwa yakatoka tele. Akapiga kofi, "Si nilikwambia, wifi!" Sikumjibu. Nikalifunga kwenye gazeti, nikaliweka juu ya kabati siku nne. Nilipolikwaruza tena mbele yake, kisu kikatoka na majimaji tu. Nikalipasua: nyama nyekundu, mbegu nyeusi tii. Nikamkatia yeye kwanza. Akala, akaomba kingine.

Mtoto sasa anatambaa, hana tatizo. Wifi yangu anawafundisha wajawazito wengine kukwaruza papai, na anasema aligundua mwenyewe.