Uzi, tufe la mwanangu na safari ya mama kwenda Mumbai

Mama aliikataa safari kwa sababu ya hesabu ya mtu mmoja. Jirani yetu hapa Tabata aliichukua tiketi akasoma: kuondoka Dar saa kumi jioni, kufika Mumbai saa sita na nusu usiku. "Bibi, hizo ni saa nane na nusu hewani!" Mama miguu humvimba akikaa sana. Akaniambia, "Mwanangu, bora nibaki na goti langu hapahapa."

Tiketi zilishalipwa, zaidi ya milioni moja na nusu kila mmoja, na hospitali ilishatupa tarehe. Jirani akazidi kuharibu: tiketi ya kurudi ilionyesha saa tatu na nusu tu, akasema eti kurudi upepo unaisukuma ndege. Niliudhika sana. Upepo gani huo wa kupunguza saa tano?

Nilianza na rula kwenye ramani ya ukutani. Kila nikipima napata jibu jingine, maana ramani imelazwa na dunia ni duara. Usiku ule nikalichukua tufe la mwanangu la shule na uzi mweusi wa cherehani. Ncha moja nikaibana Dar kwa kidole gumba, nikauvuta uzi juu ya Bahari ya Hindi hadi Mumbai, ukakaza. Nikaubana hapo kwa kucha, kisha nikaulaza juu ya Ikweta. Kwenye tufe lile mistari ya longitudo imepishana digrii 15, na Ikweta nzima ni kilometa 40,075, kwa hiyo nafasi moja ni kama kilometa 1,670. Uzi ulijaza nafasi mbili na sehemu kubwa ya ya tatu. Kilometa 4,700 hivi! Ndege ya jeti ikishatulia juu hukimbia zaidi ya 800 kwa saa. Nikagawa kwa 800, nikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Saa sita na kitu.

Zile mbili na nusu za ziada? Saa za India zimetangulia zetu kwa saa mbili na nusu, na tiketi huandika saa za kila mji. Ukitaka kuhakiki, jumlisha kwenda na kurudi kama zilivyo kwenye tiketi: nane na nusu na tatu na nusu ni kumi na mbili. Gawa kwa mbili, unabaki na sita. Tofauti ya saa inajifuta yenyewe. Nilifurahi mpaka nikamwamsha mke wangu.

Asubuhi nikamwekea mama uzi mkononi. Akaupima mwenyewe, mara mbili. Nikamwambia, "Mama, basi la Dodoma kwa dada linakukalisha zaidi ya hapo." Akanyamaza, halafu akauliza kama kule kuna baridi.

Tuliondoka nyumbani mapema mno kwa kuogopa foleni ya Tazara, na sijutii. Saa ya mkononi ya mama sikuibadilisha. Daktari alitaka siku ile chakula na vidonge vya sukari vifuate saa za nyumbani. Ilipofika saa moja jioni ya Dar akala viazi vitamu vyake vya kuchemsha, akanywa dawa, akatembea kwenye ujia hadi nyuma na kurudi. Tulipotua Mumbai saa yake ilisema saa nne kasoro dakika tano usiku. Akanionyesha, kisha akainama kuvaa viatu, navyo vikamwingia.