Umerudi Dar, sasa izoee rangi ya kopo

Ughaibuni sisi wachoraji tulizoea akriliki, rangi ya maji inayokauka haraka: unapaka, unakunywa chai, unapaka tena juu. Ukirudi Dar ukanunua rangi ya mafuta ya kopo duka la vifaa vya ujenzi, mazoea hayo yanakuharibia kazi siku ya kwanza. Wengi tunalisingizia joto, kumbe ni haraka yetu.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru na mwanzilishi wa uchoraji unaoitwa kwa jina lake, alipoanza kuchora mwaka 1968 alitumia rangi za aina hii, zile za kung'aa za baiskeli, juu ya hadibodi ya mraba ya karibu sentimita 60 kwa 60. Mnyama mmoja katikati, nyuma rangi moja, kisha mistari na nukta. Tunauita mtindo, lakini kwa maoni yangu nusu yake ni tabia ya rangi. Ikishaanza kushika, ukiigusa inavutana na kuacha makovu, kwa hiyo kivuli cha taratibu hakitoki. Madoa ya chui ni rahisi kuyapanga moja moja.

Hadibodi ipakwe nyuma na kingoni pia, maana unyevu wa pwani huingilia kingoni, ubao ukavimba na kupinda. Koroga kopo kuanzia chini. Utando wa juu utoe, usiuchanganye. Vipande vikibaki, chuja kwa soksi ya nailoni. Tapentaini iwe kidogo, ikizidi rangi hutiririka na mng'ao hufifia. Mkono wa kwanza ulale usiku kucha, na wakati wa masika siku mbili. Ukiwahi, rangi mpya inailainisha ile ya chini na uso wote unakunjamana kama utando wa maziwa. Hapo huna ujanja: ngoja ikauke kabisa, piga msasa, anza upya. Isipokuwa anga la machweo, lile la rangi mbili zinazoingiana. Hilo limalize likiwa bichi, kwa mkao mmoja.

Pa kufanyia kazi, baraza inashinda chumba kwa hewa na mwanga. Adui ni vumbi: nyunyiza maji kabla ya kufagia, na picha mbichi iinamishe uso ukutani.

Pale Morogoro Stores, Oysterbay, hapa hapa Dar, wachoraji wa Tingatinga hukaa karibu karibu, kila mmoja akiona kazi ya mwenzake. Ndiyo maana ndege, vijiji, hospitali na mashetani hurudi kila mara. Aliyesomea Ulaya hukunja uso akidhani ni kunakili. Tazama jicho la ndege na mpangilio wa nukta, utamtambua mwenye mkono. Kwenye mashetani, mwangalie pia George Lilanga, aliyetoka kwenye uchongaji wa Kimakonde.

Mteja akitaka kusafiri na picha ya kitambaa, usiikunje ikiwa na siku tatu. Ngoja wiki kadhaa, izungushe upande wa rangi ukiwa nje, katikati uweke karatasi ya nta, la sivyo itagandana ndani ya sanduku.