Ahaa ya Mama

Mama alisema "ahaa" Jumapili jioni. Leo Ijumaa, na bado inanigonga kichwani.

Picha yenyewe mnaijua, nimewachosha nayo mwezi mzima: bonde la matete nyuma ya mtaa wetu, ukungu umelala juu ya maji, yangeyange kasimama kwa mguu mmoja. Asubuhi nne nililala kifudifudi kwenye tope. Ukungu wa namna ile hautaki upepo wala mawingu; unataka hewa ya baridi iteremke usiku na kutuama bondeni, na jua likishapanda kidogo tu, umekwisha. Siku ya nne ukayameza maghorofa yote. Zikabaki nyaya za umeme, nazo nikazifuta kwenye kompyuta, mmoja mmoja, mpaka macho yakaniwasha. Ungeapa ni porini, siku mbili kutoka mjini.

Nikampa Mama simu. Akavaa miwani.

"Nzuri. Wapi huku?"

"Hapa nyuma, Mama. Bondeni."

Akaikuza kwa vidole viwili, akaizungusha huku na huku. "Na sisi tuko wapi?"

"Hatuonekani."

"Ahaa."

Akanirudishia simu, akaendelea kukunja nguo.

Basi, hivyo tu. Hakusema mbaya. Lakini ahaa ya Mama ya kukubali huishia juu. Hii ilishuka.

Jumatatu tumehamia ofisi mpya, Jumatano dada kajifungua salama, mtoto wa kike, na kote huko mimi nabishana na Mama kimoyomoyo. Mama, kupiga picha ni kuchagua. Kila fremu lazima iache kitu nje. Yeye: ahaa.

Kinachoniuma ni kwamba picha ninazozihusudu hazikufanya nilivyofanya mimi. Steve Winter, mpiga picha wa wanyamapori, alipompata usiku P-22, puma aliyeishi ndani ya jiji la Los Angeles, kwa kamera ya kutegesha, maandishi makubwa ya Hollywood ya mlimani aliyaacha yaonekane nyuma yake. Picha ikatoka National Geographic mwaka 2013, na sidhani ningeikumbuka bila yale maandishi. Hata zile za twiga wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi: mpigaji anarudi nyuma, anatumia lenzi ndefu, na maghorofa ya mbali yanavutwa mpaka yanamsimamia twiga mgongoni. Wenzangu wanauita mji uje. Mimi naufukuza.

Jana usiku nikalifungua faili la mwanzo, lile ambalo sijaligusa. Nyaya zikarudi. Kwenye waya wa chini kabisa, ndege wadogo watatu wamejikunyata. Nilikuwa nimewafuta! Mtu mzima nimelala topeni asubuhi nne nikitafuta pori, halafu nimefuta ndege. Nilicheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.

Nikaukaza mwanga kidogo, na ndani ya ukungu likajitokeza tangi la maji la paa letu, hafifu kama alama ya kikombe mezani. Nikahesabu ghorofa kushuka chini. Dirisha la Mama liko nyuma ya matete, halionekani hata ufanyeje. Kwa hiyo sikumdanganya.

Ile yenye nyaya nitamwonyesha kesho, na nitamwonyesha tangi. Nyaya sifuti tena, angalau kwa hii.