Monita imegoma kuwaka: kumbukumbu za bodi moja na draya ya shemeji

Jumamosi asubuhi

Monita yangu imekufa. Jana saa mbili usiku umeme ulikatika huku kwetu, ukarudi leo alfajiri, naamka nabonyeza batani hamna kitu, hata kale kataa ka buluu pale chini kwenye kona kamezima kabisa. Nikasema basi, umeme umerudi na nguvu zake umeniulia monita. Nimemtangazia kila mtu ndani ya nyumba.

Yenyewe ni inchi 22, mtumba, kibandiko cha nyuma kinasema 2009, kwa hiyo ni zile za zamani zenye mirija ya taa nyuma ya kioo, sio LED. Nilinunua hapa hapa Morogoro kwa elfu 60 na imenifanyia kazi miaka, siwezi kuitupa hivi hivi. Na ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta sababu ya kuifungua.

Nimeanza na ya kijinga kwanza maana ndo yanayoaibisha baadaye. Waya wa pawa nimechomoa ule wa CPU nikachomeka kwenye monita, wapi. Soketi nyingine, wapi. Nimechomoa waya wa VGA nikaiacha yenyewe tupu, maana monita nzima hata bila kompyuta lazima iwashe kataa kake na iandike kwamba haioni signo. Wapi. Nimeimulika na tochi ya simu kwa ubavu kama kuna picha hafifu, maana kuna ugonjwa mwingine kabisa ambao taa ya batani inawaka, picha ipo, ila mirija ya nyuma ndo imezima, huo ni wa inverta, ile sehemu inayowasha mirija. Wangu sio huo. Taa ya batani haipo, picha haipo, maana yake bodi ya pawa haitoi kitu.

Jumamosi mchana

Imefunguka. Skrubu nne za mguu, halafu fremu ya mbele ambayo imeshikwa na meno ya plastiki pande zote, nimetumia kadi ya benki iliyokwisha muda nikazunguka nayo taratibu. Jino moja limekatika. Lilikuwa limeshachoka hilo.

Ndani kuna bati, chini ya bati bodi mbili: moja ya pawa yenye inverta humo humo, nyingine ndogo ya picha. Kuna nyaya nne nyembamba za pinki zinaenda kwenye mirija, hizo monita ikiwaka zinabeba volti mamia kwa mamia, usiziguse guse.

Sasa kwa anayetaka kujaribu nyumbani, hapa tuongee kiume. Kwenye bodi ya pawa kuna kapasita (kitunza umeme) moja nene kama betri ya tochi, imeandikwa 450V. Umeme wa ukutani ni 230V, ukishapita kwenye rektifaya (inayougeuza uwe DC, wa kwenda upande mmoja) na kukaa kwenye ile kapasita unakuwa kama 325V za DC. Ukichomoa waya haziishi papo hapo. Mimi nilikuwa nimechomoa kama dakika kumi, nikapima, mita ikasoma 140. Mafundi wengi wanapiga shoti na bisibisi, inalia paa kama baruti, wanacheka. Mimi nina balbu ya zamani ya nyuzi, nimegusisha nyaya zake mbili kwenye miguu ya kapasita, ikamulika kidogo ikafa, nikapima tena, 2. Hapo ndo nikaweka mkono.

Na nilipoangalia tu bodi, mwanangu, furaha! Kapasita mbili za 1000uF 25V (uF ni ujazo wake, V ni volti inazohimili) upande wa kutokea umeme zimevimba kichwani kama mandazi. Kapasita nzima kichwa chake kiko bapa. Hizi zina ute ndani, ukichoka unatoa gesi, kichwa kinainuka. Nikamwita mama watoto aje aone. Akaja, akaangalia, akasema "sawa", akarudi jikoni.

Jumatatu

Hapa Moro nimezunguka, 1000uF 25V hamna. Kwenye boksi langu la makorokoro ninazo za 1000uF lakini 16V, nilizitoa kwenye DVD mbovu, na shetani akaniambia weka tu. Laini hiyo inabeba volti kama 15, utaweka kapasita ya 16 halafu ulale usingizi? Volti za kapasita unaruhusiwa kupanda, kushuka hapana. Nimempigia jamaa yangu Kariakoo, kanitafutia za 35V zenye alama ya 105°C, kaziweka kwenye basi, jioni nimezifuata stendi ya Msamvu. Kapasita zenyewe buku mbili, nauli ya kifurushi buku tano. Ndo maisha.

Jumanne usiku

Nimechomelea. Za zamani zilikuwa ngumu kutoka, risasi ya kiwandani haiyeyuki vizuri na solda yangu ya wati 40, nimeongezea risasi mpya juu yake ndo ikalainika. Mstari mweupe ni hasi, ukigeuza italipuka, nimepiga picha kabla ya kutoa chochote na bado nimeangalia mara tatu. Mpya ni ndefu kuliko zile za mwanzo, bati haliwezi kufunga, kwa hiyo nimezilaza kama zimelala mkekani. Sio pambo ila zimeenea.

Nikaunga balbu ya wati 60 kwa sirizi na waya wa moto, yaani umeme upite kwanza kwenye balbu, maana ikiwa ndani kuna shoti balbu ndo itawaka badala ya bodi kuungua. Nikachomeka. Balbu ikamulika ikazima, safi kabisa, hakuna shoti. Nikabonyeza batani.

Hamna kitu.

Nimekaa pale kama dakika tano naangalia tu. Nimelala bila kufunga.

Jumatano

Leo nimeacha kubahatisha, nimepima kuanzia unakoingia umeme. Kwenye fyuzi mita inalia, yaani nzima, na hili nilipaswa kulipima siku ya kwanza kabla ya kushangilia mandazi, maana kama umeme ungekuja na nguvu kweli, kwa kawaida fyuzi ndo inatangulia au kile kidude cha buluu kama shilingi karibu na plagi kinapasuka. Vyote vizima. Sikuitilia maanani, nikaendelea.

Kapasita nene: hapa nimechekesha. Nimeweka waya mweusi wa mita kwenye bati la monita, mwekundu kwenye chanya ya kapasita, mita inaleta namba za ajabu ajabu zinapanda zinashuka. Nikaanza kushuku rektifaya. Baada ya nusu saa ndo nikakumbuka kwamba upande wa moto (unakoingia umeme wa ukutani) na upande wa kutokea havishei hasi! Katikati kuna transfoma, hasi ya upande wa moto ni mguu wa ile kapasita yenyewe. Nikaweka pale, 322. Sawa sawa. Kwa hiyo umeme unaingia vizuri mpaka hapo.

Upande wa kutokea, laini ya 5V: inapanda mpaka 1.8, inashuka, sifuri, inapanda, inashuka. Kila baada ya sekunde moja hivi. Nikitega sikio nasikia tik, tik, tik kwa mbali. Yaani inajaribu kuamka inashindwa. Nikachomoa bodi ya picha nione kama yenyewe ndo inaivuta chini, bado tik tik. Daiodi za kutokea nimezipima, hazina shoti. Mosfeti, ile swichi ya transfoma, haina shoti. Sina tena cha kupima ninachokielewa.

Alhamisi

Nimeibeba bodi mpaka kwa mzee mmoja fundi redio, yuko hapa mtaani, kibanda chake kimejaa spika na ma-TV ya chogo, watu wanapita kama hayupo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeua nini leo?"

"Monita mzee. Umeme ulirudi na nguvu."

Hakuangalia hata bodi. Akauliza, "Kabla haijafa, ilikuwa inaamkaje?"

Nikamwambia vizuri tu, nikasita, nikakumbuka. Kama miezi miwili hivi, kila umeme ukikatika muda mrefu, ukirudi ilikuwa inachelewa. Kataa kanapepesa pepesa dakika mbili tatu ndo inashika. Nilikuwa nalaumu batani.

"Na siku za kawaida unaizima ukutani?"

"Hapana, nabonyeza batani tu."

"Basi hiyo haijawahi kulala miaka yote hiyo," akasema. "Umeme haujaiua. Umeme umeilaza, na yenyewe haiwezi kuamka."

Akachukua bodi, akaelekeza kwa ncha ya bisibisi kikapasita kimoja kidogo kama punje ya hindi, 22uF 50V, kimebanwa kati ya aisii (chipu) na alumini ya kupoozea ya mosfeti. Kichwa bapa kabisa, kinang'aa, mimi nilishakiangalia mara kumi nikakipita. Akaniambia nenda nyumbani tafuta draya ya nywele, kipulizie moto hicho peke yake, halafu washa.

Alhamisi usiku

Draya nimeazima kwa shemeji, ana saluni. Sikumwambia ya nini.

Nimekata kadibodi nikaacha tundu dogo ili moto usiende kwingine, nimepuliza kama dakika mbili waya ukiwa umechomolewa, nikachomeka haraka. Mita kwenye laini ya 5V: 1.8, 3, 1.8, halafu 5.1 ikatulia TULI. Nikapiga kelele mtoto akaamka.

Nikachomoa, nikaacha ipoe saa nzima, nikachomeka: tik tik tik. Nikapasha tena: 5.1.

Nimekesha naisoma hii kitu mpaka nimeielewa, naandika kwa lugha yangu. Ile aisii inayoendesha transfoma haina pa kupata chakula mwanzoni, inategemea resista kubwa inayonyonya kidogo kidogo kutoka kwenye zile 322 na kujaza kikapasita hicho. Kikijaa, aisii inaamka, na kuanzia hapo transfoma ndo inailisha. Lakini kuna upenyo mdogo sana katikati, aisii imeshaamka na transfoma bado haijaanza kulisha, hapo inakula akiba ya kikapasita. Kama ute umekauka akiba haitoshi, aisii inazimia, inaanza upya. Hiyo ndo tik tik. Ukikipasha moto, ute uliobaki unachangamka kidogo, kinatosha kuvuka upenyo. Na ikishavuka inaendelea hata mwaka, mradi usichomoe. Ndo maana haikusumbua muda wote ilipokuwa stendibai, yaani imezimwa kwa batani tu, bodi ina uvuguvugu wake na aisii hailali ila umeme ukikatika, mpaka ule usiku ambao umeme umekatika kwa muda wa saa tisa nzima bodi ikapoa kabisa.

Nimekitoa nikakipima kwenye mita, 22 imebaki 2.7.

Na kwa nini hicho na sio vingine? Mahali. Kapasita za kawaida za 105°C wanazihesabia kama saa 2000 kwenye joto hilo, na kila ukishusha nyuzi 10 umri unazidishwa mara mbili. Kwenye nyuzi 65 ni kama saa 32,000, yaani miaka mitatu na nusu na ushee ukiiacha usiku na mchana. Sasa kimebanwa na alumini ya moto, kifaa cha 2009, hapa Moro ya mwezi wa kwanza. Aliyechora bodi akakiweka pale sijui alikuwa anawaza nini, nafasi kushoto ipo tele.

Ijumaa

Mzee kanipa 22uF mpya, nikamuuliza bei akasema jero. Nimemwachia buku tatu akazikataa akachukua jero yake. Nimekichomelea upande wa chini wa bodi, mbali na alumini. 5.1 na 14.9, zimetulia, bila draya.

Nimefunga kila kitu, nimewasha, kataa ka buluu kakawaka, picha ikaja... sekunde mbili, giza. Jamani. Tochi ya simu kwa ubavu: picha ipo ndani, hafifu. Kwa hiyo ule ugonjwa wa pili kabisa niliousema Jumamosi ndo umekuja. Nikafungua tena (jino la pili limekatika), kumbe plagi moja ya waya wa pinki sikuisukuma mpaka mwisho, inverta ikiona mrija mmoja haupo inajizima yenyewe kujilinda. Nikasukuma, ikalia kwichi. Imewaka na imekaa.

Jumapili ya wiki iliyofuata

Siku ya tisa leo. Kila usiku naizima ukutani makusudi ipoe kabisa, asubuhi inashika mara moja. Zile kapasita mbili zilizovimba nimezipima kwa kutaka kujua tu, moja 870, nyingine 640, zilikuwa njiani lakini siamini kama ndo ziliizuia kuwaka. Skrubu moja imebaki mezani na sioni tundu lake. Upande wa kulia fremu imeachia kidogo, nimeweka selotepu.

Umeme nimeuomba msamaha mbele ya familia.

Draya nimerudisha Jumamosi. Jioni shemeji kapiga simu: "Shemeji, hii draya ulikuwa unakaangia nini? Mteja ananiuliza mbona kichwa chake kinanuka redio."